Namba za Kitabu cha Madoa

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuajiriwa katika mambo ya kurusha ndege. Upande wa baba na upande wa mama, tafuta unavyotafuta, hakuna aliyenitangulia.

Nadeki korido.

Korido yenyewe ni ya zahanati wanakopimwa marubani, ghorofa ya pili, milango sita na choo kimoja kisichofunga. Ndege sijawahi kupanda hata ile ya maonyesho. Lakini harushi mtu ndege kabla hajakanyaga sakafu yangu, na wengi huikanyaga ikiwa bado ina maji.

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, mliniacha chini ya meza ya daktari, goti limekalia waya wa taa, mkono mmoja kitambaa cha vumbi, mkono wa pili kalamu ya risasi, nanakili kitabu kisicho changu. Daktari akaingia. Akauliza, "Bibi, unatafuta nini huko?" Nikasema natafuta jino langu. Akavua miwani, akapiga magoti, tukalitafuta pamoja robo saa nzima. Mwanamke msomi yule, maskini. Jino lilikuwa kinywani mwangu.

Sasa niwaambie kitabu kilikuwa cha nini.

Ni kitabu cha madoa. Kila ukurasa una duara, na ndani ya duara vidoa vya rangi, kama fundi rangi kapiga chafya. Katikati ya vidoa kuna namba. Rubani anaulizwa, "Unaona namba gani?" Akiiona, anaruka. Asipoiona, anarudi kwao kwa basi.

Mwanangu, yule mnayemjua kwa jina la Kapteni, alikuwa apimwe Jumatano. Shule ya urubani ilishamkubali. Kilichobaki ni karatasi ya daktari, na karatasi ilitakiwa ifike shuleni Ijumaa. Isipofika, nafasi anapewa mwingine, na umri wa kuomba tena ulikuwa unampita mwaka huo huo. Miaka yote ile ya kukesha na vitabu, yote ilikuwa inasubiri sahihi moja.

Mtaniuliza, kwa nini kumwibia mtihani kijana mwenye akili zake? Kwa sababu nilijua siri yake. Macho ya Kapteni hayajui rangi.

Nimelijua hilo tangu akiwa mdogo. Nikimwambia niletee lile sweta la kahawia, ananijibu, "Mama, hili la kijani." Nikirudi na nyanya zangu nzuri zimeiva, "Mama, hizi mbichi." Siku moja nilimtia kiraka kwenye kaptula ya shule, rangi ile ile kabisa, huwezi kujua wapi kitambaa kinaishia na kiraka kinaanzia. Akalia mpaka akashikwa na kwikwi, eti watoto watamcheka. Na kweli wakamcheka. Nikajua basi, darasa zima ni wagonjwa.

Dada mtu naye alikuwa hivyo hivyo. Kila mdogo wake akisema kijani, naye kijani. Nikasema sawa, wamepatana.

Kwa hiyo nilinakili namba zote nyuma ya karatasi ya kalenda. Kurasa kumi na nne. Nyingine hazikuwa na namba kabisa, madoa matupu, nikadhani kiwandani walichoka. Hizo nikaandika "hakuna". Jioni nikampa Kapteni karatasi.

"Mama, huu ni udanganyifu."

"Ni masomo ya ziada."

"Na kama macho yangu ni mazima?"

"Mwanangu, sweta hili la rangi gani?"

"La kijani."

"Umeona sasa?"

Karatasi hakuitaka. Lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili na mimi nina sauti. Nikiosha vyombo: kumi na sita, tatu, sabini, hakuna, hakuna, ishirini na moja. Nikifua: kumi na sita, tatu, sabini. Nikitwanga, mchi unapiga "hakuna, hakuna". Jumanne nilimsikia bafuni anajisugua mgongo kwa mdundo wangu. Nilitabasamu tu na kwenda kulala mapema kama mtu mwema.

Jumatano saa tatu asubuhi Kapteni akaingia kwa daktari, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mimi nikaanza kudeki mbele ya mlango ule. Nikamaliza, nikaanza tena.

Dada mtu alikuwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa amekuja mbio kutoka kazini kwake, kwenye duka la vitambaa, kumletea mdogo wake cheti cha kuzaliwa alichokisahau nyumbani. Bahasha ilikuwa mapajani.

"Mama, hapo umeshadeki mara ngapi?"

"Pana doa."

"Hapana doa."

"Wewe na mdogo wako mna ugonjwa mmoja. Nyamaza nisikie."

Ndani daktari akasema, "Ukurasa wa kwanza. Namba gani?"

"Kumi na sita."

"Vizuri. Huu?"

Jibu likachelewa mpaka nikaacha kudeki.

"Tatu," akasema Kapteni.

"Una hakika?"

"Tatu, Daktari."

Kifua changu kikajaa. Huyo ndiye mwanangu.

"Huu?"

"Sabini."

"Na huu?"

"Hakuna."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Huu?"

"Hakuna."

Alikuwa anakwenda vizuri kama mtu anayesoma dua. Nilikuwa nikimtangulia kwa midomo tu, bila sauti, na dada mtu ananitazama kama anayetazama maji yanapanda ndani ya nyumba.

Baadaye Kapteni alinieleza mambo yalivyokuwa ndani. Ule ukurasa wa pili aliona nane. Nane kubwa, nono, imekaa katikati ya duara kama mama mkwe kwenye kochi. Lakini mama kasema tatu. Akajiuliza: mama kaichukua kitabuni kwa mkono wake, mimi naiangalia tu, wa kuaminiwa ni nani? Kwenye ukurasa ulioandikwa "hakuna" akaona sita, wazi kabisa. Akawaza, tangu utotoni mama ananiambia sioni rangi, namcheka, kumbe kweli sioni. Basi akayaacha macho yake akayafuata ya mama.

Wakafika ukurasa wa tisa.

"Huu?"

"Arobaini na tano."

Kiti kililia. "Rudia."

"Arobaini na tano, Daktari."

"Kijana, mtu mwenye macho mazima, ukurasa huu haoni namba yoyote. Umetengenezwa hivyo. Namba iliyomo anaiona mwenye upofu wa rangi peke yake."

Nikashika mpini wa dekio kwa mikono miwili.

"Mama," dada mtu akaninong'oneza, "umefanya nini?"

"Nimedeki."

Daktari akazima taa ya chumba. Nikaona giza chini ya mlango. Hapo nikachanganyikiwa, maana jambo la taa halikuwa kwenye kalenda yangu. Kumbe ana kitaa kidogo kule mwisho wa chumba kinachotoa nuru mbili mbili, ndogo kama macho ya paka, na rubani anatakiwa ataje rangi.

"Hizi?"

"Nyekundu na kijani."

"Hizi?"

"Kijani na nyeupe."

"Hizi?"

"Nyekundu zote mbili."

Ikaenda hivyo mara tisa, na sauti ya daktari ikawa inazidi kushuka. Taa ya chumba ikawaka.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," akasema. "Sijapata kuona mtu aliye kipofu wa rangi kwenye kitabu, halafu kwenye taa anaona kila kitu. Hizo namba amekupa nani?"

Kapteni hakunitaja. Namsifu kwa hilo. Lakini daktari alikuwa amesimama, na alipofungua mlango mimi nilikuwa nimeuegemea kwa sikio na bega. Niliingia na ndoo.

Maji yakafika mpaka kwenye viatu vyake.

"Bibi," akasema.

"Daktari."

"Umepoteza jino tena?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, mazuri yote. Lakini karatasi ya kalenda ilikuwa imechungulia mfukoni mwa koti langu la kazi. Akaichomoa kwa vidole viwili. Akaisoma. Akakifungua kitabu ukurasa wa pili, akanishikia mbele ya uso.

"Soma."

"Tatu."

"Huu?"

"Sabini. Sabini nzuri tu."

"Huu?"

"Huo hauna kitu. Mrudishieni mwenye kiwanda."

"Na huu wa tisa?"

"Arobaini na tano."

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Shingoni alikuwa amejifunga skafu.

"Bibi, skafu yangu ni ya rangi gani?"

"Kahawia."

"Kijani, Mama," akasema Kapteni.

"Kijani," akasema dada mtu kutoka mlangoni.

"Kijani," akasema daktari.

Niliwatazama mmoja mmoja. Miaka sitini na saba nimeishi nikidhani watu ni wabishi.

"Barabarani unavukaje, penye taa?" daktari akauliza.

"Ya juu ikiwaka nasimama. Ya chini ikiwaka nakwenda. Kwani ninyi mnavukaje?"

Akacheka. Alianza kwa heshima, akamaliza ameshika meza. Dada mtu akacheka. Kapteni hakucheka kwanza, alikuwa anahesabu nyanya zote alizokula nyumbani kwangu, kisha naye akacheka mpaka shati la pasi likakunjamana. Mimi nikasimama katikati ya dimbwi langu, nikasema haya, chekeni, niko hapa sana.

Daktari akatoa kitabu kingine kwenye droo iliyofungwa kwa ufunguo. Akamtazama Kapteni. "Safari hii macho yako, si ya mama yako."

Kapteni akasoma. Nane. Ishirini na sita. Sita. Palipo patupu akasema patupu. Kurasa zote, bila kusita, kama mtu anayesoma majina ya ndugu zake.

"Mazima," akasema daktari. "Mazima kabisa. Nitaandika kipimo kimerudiwa. Sababu: mfanya usafi. Na wewe Bibi, kesho saa mbili tutazungumza, mimi na wewe na jino."

Nikasema sawa. Hata angenifukuza saa ile ningesema sawa. Kapteni aliniinua na ndoo yangu mkononi, miguu yangu ikaacha sakafu. Hivyo nami nikawa nimeruka.

Daktari akakaa kumalizia fomu.

"Hapa penye familia, umejaza hakuna mwenye upofu wa rangi. Tutabadilisha. Mama mzazi, anao." Akaanza kuandika. Akafika neno "mzazi", kalamu ikasimama.

Akaitazama fomu. Akanitazama mimi. Akamtazama Kapteni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bibi, kijana huyu ni wa kumzaa mwenyewe?"

"Wa kumzaa. Kitinda mimba wangu."

"Hukumlea tu?"

"Daktari, mimi nimekusomea kitabu chako chote. Wewe tia sahihi."

Akaweka kalamu chini, taratibu, kama watu wanavyoweka yai.

"Upofu huu mwanamke kuwa nao ni nadra. Lakini akiwa nao, watoto wake wote wa kiume wanakuwa nao. Si mmoja mmoja. Wote. Baba awe nani, haijalishi."

"Labda huyu ulimruka."

"Hauruki."

"Huyu alikuwa mkaidi tangu tumboni."

Safari hii hakucheka mtu.

"Nina mambo mawili," akasema daktari, "na siwezi kuyatia sahihi yote mawili. Ama vipimo vyangu vimekosea, na huyu lazima aende mbele ya jopo la madaktari. Jopo linakaa mara moja kwa mwezi. Limekaa juzi. Ama fomu imekosea hapa penye mama. Kama ni fomu, tunaisahihisha sasa hivi, natia sahihi, Ijumaa iko shuleni. Sitauliza mengine. Lakini hii ni fomu ya kiapo. Uongo ukigundulika baadaye, leseni inafutwa hata akiwa na nywele nyeupe."

Kapteni alikuwa bado anatabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Daktari, cheti kipo. Dada, mpe."

Dada mtu alikuwa ameikunja bahasha mpaka imekuwa ndogo kama hirizi. Akaikunjua. Daktari akasoma.

"Jina la mama ni lako, Bibi."

"Si unaona."

"Naona. Cheti hakipimwi macho."

Wapenzi wasomaji, neno moja tu lilikuwa linatakiwa kutoka kinywani mwangu. Moja. Mimi niliyelala chini ya meza, niliyeimba namba mpaka majirani wakazishika, nilikuwa na karatasi yake mbele yangu na kalamu iko tayari.

"Andika vipimo vyako vimekosea," nikasema.

Kapteni akageuka. "Mama, hiyo maana yake ni jopo."

"Basi jopo."

"Hiyo maana yake Ijumaa imepita. Maana yake sirushi ndege."

"Kuna kazi nyingi chini. Mimi niko chini, nimekufa?"

"Umeiba kitabu cha watu kwa ajili ya karatasi hii. Sasa unasema niiache?"

"Nimezeeka. Leo nataka hivi, kesho nataka vile."

Tabasamu lilikuwa limemtoka. Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama mimi anaposema kijani.

"Mama, mimi nilizaliwa wapi?"

"Nyumbani," nikasema, "mvua inanyesha, hata mkunga hakuwahi."

"Hospitali," akasema dada mtu.

Tulisema pamoja. Maneno yakagongana juu ya meza ya daktari, na hakuna aliyeyaokota.

"Nilianzia nyumbani," nikasema, "nikamalizia hospitali."

Kapteni hakunitazama. Alikuwa anamtazama dada yake, mtu anayemzidi miaka kumi na minane, aliyemfunga viatu vyake vya kwanza, na ambaye kila Kapteni akiumwa anakuja akiwa na kanga mgongoni na kibegi kama anayehamia.

"Dada, wewe ulijuaje? Si ulikuwa bweni mwaka ule? Mama siku zote anasema ulirudi likizo ukanikuta nina miezi minne."

"Nilimsindikiza Mama," akasema dada mtu. Sauti yake ilikuwa nzuri, imetulia. Hadithi hii tuliipanga sisi wawili zamani, kabla mimi sijaanza kuibadilisha, tukaifanyia mazoezi, na mimi nilikuwa mwalimu mkali. "Niliomba ruhusa shuleni. Mvua kubwa kweli. Tukapata gari, tukafika hospitali, tukapokelewa vizuri tu, nikalazwa siku tatu, halafu..."

Akajisikia mwenyewe.

Angesema "akalazwa", saa hizi tungekuwa barabarani tunarudi nyumbani. Herufi hazizidi mbili tatu, na darasa la saba nimefika, hesabu hiyo naijua. Daktari aliinamisha uso kwenye fomu, akajifanya anatafuta pa kuandika tarehe. Maji ya ndoo yalikuwa bado yanakwenda polepole kuelekea mlangoni.

Kapteni alimsogelea dada mtu hatua moja.

"Nani alilazwa, dada?"